Kidonda Kilikauka Kabla ya Kano: Uchambuzi wa Kisa cha Mparuaji Samaki

Mgonjwa anayezungumziwa hapa ni kijana wa miaka 29, mkazi wa Kigamboni, ambaye kila alfajiri huvuka kwa pantoni kwenda Soko la Samaki la Feri, Dar es Salaam, ambako kazi yake ni kuparua magamba, kupasua na kukata vipande samaki wa wateja kwa malipo ya papo kwa papo. Ana mke na watoto 2, hutumia mkono wa kulia, na kabla ya ajali hakuwa na ugonjwa wowote aliokuwa akiujua. Baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha, na vituo vilivyomhudumia sitavitaja. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na nilikuwa naye kuanzia siku ya 4 baada ya upasuaji hadi mwezi wa 6. Sehemu ya makosa nitakayoyaeleza ni yangu.

Ajali ilitokea asubuhi, soko likiwa limejaa. Kisu alichokuwa akitumia kilikuwa na mpini wa mbao uliolainika kwa miaka ya matumizi, usio na kitu chochote cha kuuzuia mkono usifike kwenye makali. Alipokichoma kwenye nguru mkubwa ili atenganishe kichwa, ncha iligota mfupa na kusimama, lakini mkono uliojaa utelezi haukusimama. Uliserereka mbele, na vidole viwili vya mwisho, ambavyo ndivyo vinavyofanya kazi kubwa ya kuubana mpini, vikapita juu ya makali. Kila anayehudumia majeraha ya mkono anaujua mkato huu. Kwa macho haukuwa wa kutisha hata kidogo: mstari mwembamba upande wa kiganja, katika pingili ya kwanza ya kidole cha pete na ya kidole cha mwisho, usiofika sentimita 2 kwa kila kidole.

Wenzake walimwagia unga wa kahawa, wakamfunga kitambaa na kumpeleka zahanati. Huko alioshwa jeraha, akachomwa sindano ya kuzuia pepopunda, akashonwa ngozi na kupewa vidonge vya kuzuia maambukizi, na yote hayo yalikuwa sahihi, hasa kwa jeraha la samaki, kwa kuwa utelezi na miiba ya samaki hubeba bakteria ambao wengine, kama Erysipelothrix na Mycobacterium marinum, hujulikana zaidi kwa wavuvi na wauza samaki kuliko kwa watu wengine. Kilichokosekana ni nusu dakika ya kumwomba akunje vidole. Aliambiwa arudi baada ya siku 7 kutolewa nyuzi, akaenda nyumbani, na usiku ule alipojaribu kumega tonge la ugali aliona vidole viwili vimesimama wima huku vingine vikijikunja. Alidhani ni maumivu. Siku ya 3 maumivu yalikuwa yamepungua, na vidole bado vilisimama.

Mkono wa mtu mzima ukilazwa mezani, kiganja kikitazama juu na misuli ikiwa imelegea, vidole havinyooki. Kila kimoja hujikunja kidogo zaidi ya kilichokitangulia, kuanzia cha shahada hadi cha mwisho, kama ngazi. Kidole kilichokatwa kano, yaani ile kamba ya ndani inayokivuta kijikunje, huvunja ngazi hiyo kwa kulala kimenyooka, na jambo hilo huonekana hata kabla ya kumgusa mgonjwa. Huhitaji mashine kuliona. Ninalisema hili kwa sababu jeraha dogo la kisu upande wa kiganja ndilo linalopita vituoni kwa urahisi, na kadiri ngozi inavyoshonwa vizuri ndivyo mgonjwa anavyozidi kuamini kwamba mambo yamekwisha.

Alipofika hospitali kubwa aliambiwa amekata mshipa. Neno hili lilianza kutusumbua tangu siku hiyo, kwa maana katika Kiswahili cha kila siku mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, na ni huo huo unaovuta kiungo. Mtu akiambiwa umekatika hujua tu kwamba kuna kamba ndani. Yeye alielewa ni mshipa wa damu, na kwa kuwa damu ilikuwa imeacha kutoka tangu siku ya kwanza, hakuona kwa nini apasuliwe tena. Ilibidi daktari wa upasuaji atenganishe mambo matatu kwa majina yao, yaani mshipa wa damu, neva na kano, ndipo akakubali kutia saini.

Kwa kijana aliyekulia pwani, maelezo yaliyomwingia ni ya jahazi. Misuli inayokunja vidole haimo kidoleni. Imo kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, nayo huvuta kidole kwa kano ndefu kama mabaharia waliosimama sitahani wanavyoivuta henza ili foromali ipande mlingotini. Kamba hiyo haiwezi kufanya kazi bila kapi la kuielekeza, na kidoleni kano hupita ndani ya ala nyembamba iliyobanwa mfupani kwa mapete kadhaa magumu, ambayo ndiyo makapi yake. Kila kidole kati ya hivi viwili kina kano 2 za kukunja: ya juu, inayokunja kifundo cha kati, na ya ndani, inayopenya katikati ya ile ya juu iliyogawanyika na kwenda kukunja ncha. Zote mbili hushirikiana njia moja isiyo na nafasi ya ziada. Ukiunganisha henza iliyokatika kwa fundo nene, itakwama kwenye kapi. Ukiiunganisha kwa fundo dogo, huenda ikakatika tanga likipata upepo. Tatizo zima la upasuaji huu na la wiki zinazoufuata limo katika fundo hilo.

Sterling Bunnell, daktari wa San Francisco anayehesabiwa kuwa mwasisi wa upasuaji wa mkono nchini Marekani, aliliita eneo hili la kidole ardhi isiyo na mwenyewe, jina la ile sehemu iliyo kati ya mahandaki ya majeshi mawili yanayopigana, na ushauri wake ulikuwa kwamba kano zilizokatwa hapo zisishonwe mara moja, bali ngozi ifungwe na kano ya kupandikiza iwekwe baadaye. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu kano iliyoshonwa na kuachwa imetulia hugandana na ala yake, na kidole kinabaki kigumu kama kijiti. Mwaka 1967 Harold Kleinert na wenzake wa Louisville walitoa taarifa ya wagonjwa walioshonwa mara moja na kisha kuanza kutembeza vidole mapema, vikirudishwa na mpira mwembamba uliofungwa kwenye kucha, na matokeo yao yalibadilisha mawazo ya wengi. Mwaka 1975 Duran na Houser walieleza kwamba mwendo mdogo wa milimita 3 hadi 5 unatosha kuizuia kano isigande. Milimita 3 hadi 5. Namba hii nilimwonyesha mgonjwa kwenye rula, na nadhani ni katika mambo machache niliyomwambia siku ile ambayo hakuyasahau.

Upasuaji ulifanyika siku ya 6 tangu ajali. Kano zote 4 zilikuwa zimekatika, pamoja na neva moja ya kidole cha mwisho, ile ya upande wa nje. Kano za ndani zilishonwa kwa nyuzi 4 zinazovuka mkato na mshono mwembamba wa kuzunguka kingo. Kano ya juu ya kidole cha mwisho, ambayo kwa watu wengi ni nyembamba na kwa wengine haimo kabisa, ilikuwepo na ikashonwa pia. Neva iliunganishwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mkono ulifungwa bandeji nene na mgonjwa akaagizwa auweke juu ya usawa wa moyo usiku na mchana.

Nilipomwona siku ya 4 vidole vilikuwa vimevimba hadi mikunjo ya ngozi kwenye vifundo imepotea. Alikuwa ameuning'iniza mkono tangu Kigamboni, kwenye pantoni na kwenye daladala, kwa kuwa kuubeba juu katikati ya watu kulimtia haya. Uvimbe si wa sura tu. Kidole kilichovimba huhitaji nguvu zaidi ili kikunjike, na nguvu hiyo hubebwa na mshono. Tulimfundisha kuweka kiganja kwenye bega la upande wa pili anapotembea, kulaza mkono juu ya mito 2 anapolala, na kuzungusha bega na kunyoosha kiwiko mara kadhaa kwa siku, maana mkono unaofungwa kifuani wiki nyingi huleta bega lililoganda, na mgonjwa hupata tatizo la pili kabla ya kumaliza la kwanza.

Banzi lake tulilitengeneza kwa piopi, kwa sababu ile plastiki inayolainika kwenye maji ya moto haikuwapo wiki hiyo. Lilikaa upande wa mgongo wa mkono, kutoka kigashani hadi kupita ncha za vidole, likiwa kama paa: kifundo cha mkono karibu na kunyooka, vifundo vya mwanzo wa vidole vimekunjwa kwa nyuzi 60 hivi, na juu yake vidole vina uhuru wa kunyooka hadi kuligusa paa, visipite hapo. Kazi ya banzi hili ni kumzuia mtu asinyooshe mkono wote kwa pamoja, kama anayepunga kwaheri, kwa kuwa mwendo huo ndio unaoitenganisha kano iliyoshonwa. Halikutakiwa kuvuliwa kwa wiki 6, hata usingizini.

Hapa ndipo neno la pili lilipoingia, nalo lilikuwa langu. Nilimwambia atafanya mazoezi kila saa aliyo macho. Aliporudi wiki iliyofuata alikuja na mpira wa tenisi aliopewa na jirani, akaniambia kwa fahari kwamba alikuwa akiufinya. Nilishtuka, nikakipima kidole, nikakuta kano bado zinavuta. Alikuwa amefinya kwa siku moja tu, kwa kuwa ulimuuma. Lakini kosa halikuwa la jirani. Zoezi, kwa mtu wa kawaida, ni jasho, ni nguvu, ni kuchoka ili upate faida. Na mpira wa kufinya umekuwa ushauri wa kila mtu kwa kila mkono, iwe ni kiharusi, mfupa uliovunjika au kano iliyoshonwa. Katika kisa cha kano iliyoshonwa juzi, kufinya ni njia fupi kuliko zote ya kurudi chumba cha upasuaji. Tangu siku hiyo niliacha kusema mazoezi na nikaanza kusema kuitembeza kano. Ratiba ilikuwa hivi: kwanza, kwa mkono wa kushoto, akikunje kila kidole polepole hadi ncha ikaribie kiganja, mara 10, bila kidole chenyewe kusaidia, halafu avinyooshe vidole mwenyewe hadi paa la banzi, mara 10, mwisho avikunje mwenyewe kwa wepesi hadi nusu ya ngumi, kama mtu anayeshika yai bichi, mara 4 au 5. Simu yake ilimlilia kila saa. Mke wake alikuwa akihesabu, na kwa uzoefu wangu mgonjwa mwenye wa kumhesabia hufanya kazi hii vizuri kuliko mwenye karatasi peke yake.

Karatasi yetu ya maelekezo ilisema mkono usiloane. Ushauri wangu wa miaka yote ulikuwa kuuvika mkono mfuko wa plastiki wakati wa kuoga, lakini mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na mgonjwa aliniuliza, kwa haki kabisa, aupate wapi. Tuliafikiana kwamba aoge kwa kopo, mkono umeinuliwa, mkewe akimsaidia. Karatasi hiyo hiyo haikusema lolote kuhusu udhu. Wiki ya 2 niligundua kwamba alikuwa akifungua kamba za banzi mara 5 kwa siku, anaosha mkono hadi kiwikoni, anaufuta, analirudisha banzi, na kunieleza kwa ukweli kabisa kwamba halivui, kwa sababu katika hesabu yake kulivua kwa ajili ya ibada hakukuwa kulivua. Sikuwa mtu wa kumjibu jambo hilo. Alikwenda kwa shehe wa msikiti wao, akaelezwa kwamba aliyefungwa jabira, yaani bandeji au banzi, hupangusa maji juu yake na udhu wake ni sahihi, na suala likaisha siku hiyo hiyo. Swali hili sasa ninaliuliza siku ya kwanza, pamoja na lile la kula. Kwa mtu aliyezoea kula kwa mkono wa kulia tangu utotoni, kukaa wiki 6 akila kwa kushoto mbele ya wageni ni aibu halisi, na wapo wanaotoa vidole nje ya banzi kila penye sinia. Yeye alikubali kijiko, na pale palipokuwa na watu mkewe alimtengea chakula chumbani.

Nyuzi zilitolewa siku ya 14. Kovu lilikuwa kavu, safi, halina usaha, na maumivu hayakuwepo. Tulianza kulikanda kwa mafuta ya nazi, kwa duara ndogo ndogo, dakika 5 kwa wakati, ili ngozi isigandane na kilicho chini yake. Wenzake walipita kumjulia hali na wote walisema hongera, umepona. Ngozi ilikuwa imepona kweli. Kano ilikuwa katika wiki zake dhaifu, kwa kuwa baada ya kushonwa uimara wake hautokani na yenyewe bali na uzi, na huchukua takribani wiki 12 kabla ya kuaminiwa na kazi nzito. Mwili haumpi mtu ishara yoyote ya tofauti hiyo. Mfupa uliovunjika huuma ukiugusa, kidonda kibichi huonekana. Kano inayoelekea kukatika haiumi. Kisa hiki kwa sehemu kubwa ni habari ya wiki hizi za katikati, ambazo mgonjwa haoni kidonda wala hasikii maumivu, na anachobaki nacho cha kumzuia ni maneno tuliyomwambia.

Katika wiki ya 5 alirudi sokoni. Kodi ya chumba ilikuwa imefika, akiba ilikuwa imekwisha wiki ya 3, na mtu analipwa kwa samaki aliowaparua, si kwa kuwa mgonjwa. Alinihakikishia baadaye kwamba hakwenda kufanya kazi bali kusimamia meza yake isichukuliwe, na ninamwamini. Mwenzake alimwomba amsogezee ndoo. Alivua banzi kwa kuwa liliingia harufu ya samaki na kuchafuka, akaingiza vidole kwenye mshikio wa ndoo yenye maji na barafu kidogo, akainua. Alisikia kitu kama uzi wa mshipi unaokatika, bila maumivu yoyote ya maana. Jioni ncha ya kidole cha mwisho haikukunjika tena.

Alipokuja nilimuuliza, kwa sauti ambayo leo ninaijutia, kama hakuambiwa asibebe kitu kizito. Alinijibu, "Daktari, ile ndoo haikuwa nzito. Ilikuwa nusu." Alikuwa anasema kweli. Huyu ni mtu ambaye kabla ya ajali alikuwa akibeba matenga ya samaki ya kilo 40 na zaidi. Kwake uzito huanzia hapo. Karatasi yetu ilitumia neno ambalo kila msomaji hulipima kwa mgongo wake mwenyewe. Tungepaswa kuandika kwamba mkono huu usishike chochote hadi wiki ya 6, hata kikombe cha chai, hata funguo, hata simu, na kwamba kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8 utashika vitu vyepesi vinavyotajwa kwa majina, na kwamba ndoo, jembe, tenga na mtoto visubiri wiki ya 12. Karatasi imebadilishwa tangu hapo.

Sitaki hata hivyo kuuficha udhaifu wa pili nyuma ya ule wa maneno. Kukatika kwa kano iliyoshonwa katika eneo hili hutokea hata panapofuatwa kila kitu. Viwango vinavyotajwa mara nyingi katika taarifa za madaktari ni kati ya 4 na 10 kwa kila 100. Lakini hapa tulikuwa na mtu anayelipwa kwa siku, tukampangia miezi 3 bila kazi, na hakuna kati yetu aliyemuuliza ataishije. Tungejua kwamba akiba yake inaishia wiki ya 3, tungeweza kumwandikia barua ya kupelekwa ustawi wa jamii, au kukaa na wenzake wa mezani wapange zamu ya kumshikia nafasi, au angalau kumpa kazi ya mkono mmoja ambayo ni salama, kama kupokea fedha na kuita wateja. Mambo hayo aliyapanga mwenyewe baada ya kano kukatika, na yalifanikiwa.

Vipimo vilionyesha kwamba kano ya ndani ya kidole cha mwisho imekatika, lakini ya juu inavuta, na kidole cha pete kiko salama. Daktari wa upasuaji alimpa njia 3. Ya kwanza ni kufungua tena mara moja na kushona upya, ambayo hufaa zaidi mgonjwa akija mapema, lakini hurudisha hesabu yote mwanzo na inaweza kuiharibu kano ya juu iliyokuwa ikifanya kazi. Ya pili ni kusubiri miezi kadhaa, kisha upasuaji wa awamu 2: kwanza kuweka fimbo laini ya silikoni ili ala mpya ijijenge kuizunguka, na baadaye kupitisha kano ya kupandikiza. Ya tatu ni kuiacha ncha ilivyo. Nilikuwapo katika mazungumzo hayo, na kwa maoni yangu uamuzi wa mgonjwa wa kuiacha ulikuwa wa busara, maana kidole cha mwisho kinachokunjika kifundo cha kati huweza kukamata mpini, na kurudishwa nyuma wiki nyingine 12 kungemnyang'anya meza yake. Wenzangu wengine hawakukubaliana nami. Walisema kijana wa umri wake ana miaka mingi ya kazi mbele yake na ncha isiyokunja itamsumbua. Wana hoja.

Hofu yetu sasa iligeuka upande mwingine. Baada ya mkasa ule hakutaka kukunja kidole chochote. Misuli inayovuta kano za ndani za kidole cha kati, cha pete na cha mwisho ni kama ng'ombe waliofungwa nira moja. Kimoja kikikwama, vingine hupungukiwa nguvu. Kwa kuogopa kukata kano ya pili alianza kuugandisha mkono mzima, na mwisho wa wiki ya 6 kidole cha pete kilichokuwa kikifika sentimita 2 kutoka kiganjani kilikuwa kimebaki sentimita 4. Tuliongeza miadi kutoka mara moja hadi mara 2 kwa wiki kwa majuma 3, na siku zilizobaki mkewe alinitumia video fupi za WhatsApp ili nione mwendo bila yeye kulipa nauli ya kuvuka. Tulianza kazi nyepesi zenye maana kwake: kukunjua nyavu kuukuu, kuokota punje za mchele, kuviringisha kitambaa, na kuanzia wiki ya 9 kufinya udongo wa mfinyanzi uliolainishwa, ambao ni mgumu kadiri unavyotaka uwe. Kifundo cha kati cha kidole cha mwisho kilikuwa kimeanza kujikunja na kukataa kunyooka, kwa hiyo usiku alivaa banzi dogo la kukinyoosha hadi mwezi wa 4.

Neva ilikwenda kwa mwendo wake. Neva iliyounganishwa huota kwa takribani milimita 1 kwa siku, na ukigongagonga ngozi kwa ncha ya kidole unaweza kuifuatilia ilipofika, kwa sababu mgonjwa husikia kama umeme mahali pale. Wiki ya 7 umeme huo ulikuwa umevuka kifundo cha kati. Kabla haujafika nchani tulimzuia asishike sufuria, chai ya moto wala kisu kwa kidole hicho bila kukitazama, maana kidole kisicho na hisia huungua bila mwenyewe kujua. Hisia ilipoanza kurudi ilirudi kwa ukali usiovumilika, hata shuka lilimchoma, na tukamzoesha kwa kukisugua kidole kwa pamba, kisha kitambaa, kisha kukichovya kwenye bakuli la mchele.

Jambo ambalo sikulipa uzito unaostahili ni barafu. Kidole kilichokatwa neva huchukia baridi, hali inayoweza kudumu miaka, na kwa mtu wa ofisini hilo ni usumbufu wa asubuhi za Julai. Kwa mparuaji wa Feri, ambaye mikono yake iko ndani ya barafu tangu saa 11 alfajiri, ni suala la kubaki au kutobaki kazini. Wiki ya kwanza ya kurudi alisema kidole kinageuka cheupe na kuuma hadi begani. Glavu ya mpira peke yake haikusaidia. Kilichosaidia ni glavu ya pamba ndani ya ile ya mpira, na kubadilisha ile ya ndani kila inapoloa, pamoja na kupunguza sigara, ambazo hubana mishipa ya damu ya vidole na ambazo, kusema kweli, tungemkataza kwa mkazo zaidi tangu siku ya kwanza.

Mwezi wa 6 kidole cha pete kilikunja kifundo cha kati kwa nyuzi 95 na ncha kwa nyuzi 50, kikipungukiwa nyuzi 10 za kunyooka. Jumla ya 135 ikigawanywa kwa 175 inayochukuliwa kuwa kamili hutoa asilimia 77, na katika kipimo cha Strickland, kinachopima mkunjo wa vidole baada ya kano kushonwa, hayo ni matokeo mazuri. Kidole cha mwisho kilikunja kifundo cha kati kwa nyuzi 80, kikapungukiwa 20 za kunyooka, na ncha haikukunja kitu, ambayo ni asilimia 34, yaani matokeo duni. Nguvu ya kushika mkono wa kulia ilikuwa kilo 30, wa kushoto kilo 39. Kwa kidole cha mwisho alitofautisha ncha kali na butu, lakini macho yakifumbwa hakuweza kutambua kama anagusa gamba au mwiba.

Siku hiyo alikuja na kisu chake kimefungwa gazetini ili anionyeshe. Mpini aliuzungushia mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na pale mbao inapokutana na makali seremala wa jirani alimpigia kipande cha mninga kilichotokeza kama kidole gumba, ili mkono ukiserereka ugonge hapo kwanza. Alisema wenzake 3 wameshamwiga. Kuhusu ncha ya kidole cha mwisho, aliuliza kama ile njia ya awamu 2 bado ipo, nami nikampangia miadi na daktari wa upasuaji mwezi Machi, kwa kuwa alitaka kwanza aone kama kidole hicho kitakishika kisu siku nzima bila kuchoka.